Nyumba ya Boke na Minyoo Wasio na Mdomo

Pikipiki ilikuwa imeshaiacha Buswahili nyuma, vumbi likiifuata kama mbwa mwenye njaa, na Boke alikuwa bado hajasema anakwenda kufanya nini Musoma. Aliyeendesha ni Keraryo, mtoto wa shemeji yake, na Keraryo akishika pikipiki mdomo wake nao huwaka pamoja na injini.

"Mama mkubwa, jana umekula wali wa washenga, leo kumekucha tu unakimbilia mjini. Unaenda kununua gauni?"

"Endesha."

"Au umeona ng'ombe wa wale watu wa Bunda wamekonda, unaenda kuwashitaki?"

"Keraryo, ukiniangusha hapa utanizika wewe na mdomo wako. Endesha."

Keraryo akacheka mpaka pikipiki ikayumba. Boke hakucheka. Tangu jana mchana alikuwa na kitu kimemkaa kifuani kama mwiba wa sato, hakishuki wala hakipandi.

Jana mambo yalianza vizuri. Washenga walitoka Nyamuswa, upande wa Bunda, wakaja kumwombea Gibson mke, na mke mwenyewe ni Rhobi, mjukuu wa Boke. Gibson ni mtu wa mifugo, anazunguka vijijini na mbegu za madume bora kuwapandishia watu ng'ombe wao. Kijana mpole, viatu vyake daima vina tope. Msemaji wao alikuwa baba yake mdogo, mzee Luhende, ambaye ndiye aliyemlea na jina lake ndilo Gibson analotumia. Wakaongea, wakabishana kidogo kwa heshima, wakala. Luhende aliposhiba akatazama nje, kwenye ghala la zamani la pamba, akasema:

"Hapa napajua kwa kusikia. Marehemu kaka yangu Mashimba, baba mzazi wa huyu kijana, alikuwaga anakuja kupima pamba hapa kila msimu. Akirudi nyumbani anasifia ugali wa Buswahili mpaka shemeji ananuna."

Watu wakacheka. Boke alikuwa ameshika upawa. Badala ya kuurudisha kwenye sufuria akauweka chini, kwenye mchanga.

Maana Mashimba huyo, Boke alimjua.

Asiyejua desturi ya nyumba ntobhu hawezi kuelewa kilichomkaba. Mwanamke ambaye Mungu hakumpa mtoto wa kiume, na mume wake amekufa, anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake. Haoi kwa mambo ya chumbani. Anaoa ili nyumba isizime. Huyo mke anatafutiwa mwanamume wa kumpa mimba, na mwanamume huyo anakula, anashukuriwa, anasahauliwa. Mtoto akizaliwa ni wa nyumba. Ukiuliza baba yake ni nani umetukana, na jibu lake utalipata kwa fimbo.

Boke alimuoa Wegesa kwa njia hiyo, na Wegesa akamzaa Rhobi, ambaye humwita Boke bibi. Mwanamume alimchagua Boke mwenyewe, na alimchagua Mashimba kwa sababu moja tu: alikuwa wa mbali. Mwanamume wa jirani angekuwa anachungulia uani kila siku, anasema pua ile ni yangu. Watoto wake wangekutana na mtoto wa Boke kisimani, shuleni, ngomani, na siku moja wakapendana bila kujua. Mtu wa Bunda atapima pamba, atapanda lori, atakwenda zake. Boke alijiona ana akili kuliko wanawake wote wa ukanda ule.

Sasa yule wa mbali amerudi, mwanawe amekuja na washenga, na Jumapili inayokuja tangazo la kwanza la ndoa linasomwa kanisani.

Akilitaja jina la Mashimba, amevunja desturi, na amewafungulia mlango watu wa Nyamuswa waje kusema Rhobi ni mtoto wao. Ndicho alichokiogopa tangu mtoto yule anatambaa. Asipolitaja, Rhobi atalala kitanda kimoja na kaka yake. Tumaini lilikuwa moja, nalo lilikaa Bweri, huko Musoma: labda Wegesa atasema hakuwa Mashimba.

*

Wegesa aliondoka nyumbani kwa Boke siku nyingi, Rhobi akiwa darasa la nne. Hawakugombana. Alichoka jembe tu. Akaenda Musoma kuuza dagaa, akajenga vyumba viwili Bweri, mtoto akamwacha kwa Boke kama desturi inavyotaka. Rhobi alipokua akawa anakaa huku na huku. Siku hizo alikuwa Bweri, amepewa likizo na chuo cha Dar es Salaam anakosomea shahada ya pili, na likizo yenyewe alikuwa anaimalizia mbele ya kompyuta.

Boke akamkuta barazani.

"Shikamoo bibi! Mbona hukupiga simu? Kuna mgonjwa?"

"Marahaba. Hakuna mgonjwa. Mama yako yuko wapi?"

"Mwigobero, kafuata dagaa ziwani. Kaa bibi, umechoka. Njoo uone wadudu wangu, unanisemaga sikuonyeshi."

Boke akakaa. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na giza la maji, na katikati ya giza mirija myeupe imesimama kama mabua, kila mmoja umetoa kitu chekundu juu, kinapepea.

"Hiki nini? Wanawake wa mjini wamepaka rangi midomo?"

Rhobi akacheka, akapiga paja. "Bibi! Hawa hawana hata mdomo. Ni minyoo. Wanakaa chini kabisa ya bahari, mbali huko, kuna wanaozidi kimo cha Gibson. Huo wekundu ni damu, ni damu kama yetu, ila yao ina ujuzi zaidi."

"Asiye na mdomo anakulaje?"

"Analishwa. Kule chini jua halifiki. Mwamba umepasuka, unatoa maji ya moto yenye harufu ya yai viza. Ile harufu kwetu ni sumu. Damu ya mnyoo inaibeba pamoja na hewa, inaipeleka ndani, na ndani kuna bakteria wamejaa tele. Wao wanaigeuza kuwa chakula, na mnyoo anaishi kwa hicho."

"Hao bakteria amepewa na mama yake?"

"Hapo ndipo patamu, bibi. Hapana! Anazaliwa hana hata mmoja. Akishatua kwenye mwamba anakuwa na kamdomo kadogo na katumbo kadogo. Halafu bakteria waliokuwa wanazurura baharini wanaingia kupitia ngozi. Wakishaingia, mdomo unajifunga, utumbo unapotea. Kuanzia hapo anaishi kwa hao wageni mpaka anakufa."

Boke akatazama vile vyekundu vikipepea. Kwa mara ya kwanza tangu jana mwiba ule ulilegea kidogo. Kumbe hata Mungu anajua nyumba inavyoweza kushikwa na wageni ikasimama.

"Na hakuna anayewauliza wametoka kwa nani."

"Nani awaulize? Ila mnyoo mwenyewe ana baba na mama, na hiyo ndiyo kazi yangu. Nasoma vinasaba vyao. Ile miamba haikai, leo inatoa moto, baada ya miaka inapoa, wote wanakufa. Kwa hiyo watoto wanachukuliwa na mkondo wa maji, wiki kadhaa wanaelea, wanaishi kwa mafuta ya yai lao tu, mpaka wapate mwamba mwingine. Ukiwakuta huko unasema hawa ni wageni kabisa. Ukisoma vinasaba unakuta ni ukoo mmoja na wale wa kule."

"Hata aliyetupwa mbali?"

"Wa mbali ndio wanatushangazaga."

Mwiba ukarudi mahali pake. Boke akafunga khanga vizuri, akafungua, akafunga tena.

"Na ndugu kwa ndugu wakikutana huko?"

"Bahari kubwa bibi, na mayai mengi sana, si rahisi. Siyo kama ng'ombe wetu. Gibson hajawahi kukubali kurudisha mbegu ya dume kwa binti wa dume hilohilo, hata mwenye ng'ombe amwombe vipi. Anasema utalia na ndama." Akatabasamu tabasamu la mchumba, linalokuja lenyewe jina likitajwa. "Ana maneno yule."

"Niletee maji," Boke akasema.

*

Wegesa akafika na ndoo ya dagaa kichwani. Alipomwona Boke akaishusha kwa mbwembwe.

"Haa! Mume wangu amekuja! Leo nitajificha wapi mimi, sijafagia, sijachana nywele."

Mzaha huo ulikuwa wa siku zote. Boke humjibu kwamba atamrudisha kwao adai ng'ombe wake. Leo mzaha ule aliupita. Akampa Rhobi hela akanunue soda, na Rhobi alipoishia njiani akasema:

"Wegesa, nitakuuliza jambo nisilowahi kukuuliza."

"Mama, mbona midomo imekukauka?"

"Rhobi ni wa Mashimba?"

Wegesa alikuwa anachambua dagaa, anatupa vijiti pembeni. Mkono ukasimama.

"Wewe mwenyewe ndiye uliniapisha jina lile lisitoke. Leo unalitoa barazani, mchana?"

"Gibson ni mwanawe."

Jogoo wa jirani akaja akadonoa dagaa, wala hakufukuzwa.

"Yule wa mizani?" akauliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Yule. Luhende amemlea tu. Niambie hakuwa yeye, Wegesa. Nakuomba kama mtu anavyoomba maji."

"Alikuwepo yeye." Wegesa akajipangusa mikono. "Na alikuwepo mwingine. Usinitolee macho, mama. Nilikuwa msichana, nimeolewa na nyumba. Kulikuwa na mvuvi mmoja kutoka kule Kirumi, alikuwaga ananichekesha. Msimu uleule."

"Yupi sasa?"

"Unadhani sijajiuliza? Mtoto akilala namtazama masikio, namtazama vidole vya miguu. Leo naona huyu, kesho naona yule. Sijui, mama. Haki ya Mungu sijui."

Mwaka mwingine wowote Boke angetafuta fimbo. Siku hiyo, pengine alikuwa mume wa kwanza tangu dunia iumbwe kumshukuru Mungu kwamba mkewe alitoka nje. Lakini furaha yenyewe haikukaa. Nusu ya tumaini ni mbaya kuliko kukosa, kwa sababu inakuacha umesimama mguu mmoja.

"Tunyamaze," Wegesa akanong'ona. "Anaolewa, anafurahi. Nani atajua? Mvuvi yule naye alishazama zamani. Tumwachie Mungu."

Na Boke, tusimsingizie ushujaa, alitikisa kichwa kukubali. Alikubali kabisa. Akaona harusi, akaona turubai, akaona kila mtu ameshiba. Halafu akaona mtoto anazaliwa, na yeye Boke amekaa pembeni ya kitanda, anamtazama masikio, anamtazama vidole vya miguu.

Rhobi akarudi na soda, anafungua moja kwa meno, tabia ambayo Boke alikuwa ameigombeza tangu meno hayo yanaota.

"Kaa chini," Boke akasema.

"Kuna nini?"

"Kaa. Nikisimama na haya maneno yatanitoroka."

Akamwambia. Alimwambia vibaya, akianzia mwisho, akirudi mwanzo, akiruka kwenye pamba, lori na mvuvi. Rhobi akauliza jina mara moja tu. Akamgeukia mama yake, na mama yake akatazama dagaa.

"Kwa hiyo mimi nakesha nasoma damu ya minyoo wa bahari ya watu," Rhobi akasema taratibu, "na yangu mmeifukia Buswahili."

"Tuliifukia kwa ajili yako."

"Kwa ajili ya nyumba, bibi. Sema ukweli."

"Kwa ajili ya nyumba," Boke akakubali. "Na nyumba ni wewe."

Rhobi akaweka soda chini. Sauti yake ikawa kavu, sauti ya darasani. Akasema kuna kipimo, Mwanza. Mashimba na mvuvi wote wamekufa, kwa hiyo si kazi rahisi. Watatoa damu yeye na Gibson, na ingefaa mama zao wote wawili watoe pia, ili kinachobaki kisicho cha mama kiweze kulinganishwa. Jibu halitakuja moja kwa moja kama ndiyo au hapana. Litakuja kwa uzito, limeelemea upande gani.

"Na Gibson?" Wegesa akauliza.

"Nampigia sasa hivi."

Akaenda nyuma ya nyumba. Walisikia kandambili zake tu, zinakwenda, zinarudi, zinakwenda.

*

Gibson alifika jioni hiyohiyo kutoka Bunda, na buti zake za mpira. Akasalimia kila mtu kwa zamu kama kawaida yake. Shikamoo yake kwa Boke haikutetemeka. Akakaa mbali na Rhobi, na Rhobi akasogea mbali zaidi, wote wawili bila kutazamana, kama watu waliomwagiwa maji ya moto katikati yao.

Boke alijiandaa kutukanwa. Alikuwa ameshayapanga hata majibu. Badala yake kijana akauliza:

"Bibi, kumbe wewe ulimjua baba?"

"Nilimjua."

"Mimi alikufa sijaanza shule. Hakuna picha. Baba mdogo akiulizwa anasema tu alikuwa mtu mzuri, basi." Akasogeza kiti. "Alikuwa mtu gani?"

Hilo Boke hakulitegemea.

"Mrefu. Akipima pamba anaimba, watu wanasahau kutazama mizani. Hapendi maziwa mgando, anasema yanamkwaruza koo."

"Hata mimi yananikwaruza," Gibson akasema.

"Hata..." Rhobi akaanza, akajiziba mdomo, akainuka, akatoka.

Walibaki watatu, wakisikia lango likigonga. Maziwa mgando si kipimo, watu wengi hawayapendi. Boke alilisema hilo kwa sauti, Wegesa akalisema tena, na Gibson akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ni kweli, watu wengi hawayapendi.

Luhende alipopigiwa simu alipaza sauti mpaka majirani wakaisikia. "Mnamtukana marehemu! Kama hamtaki kutoa mtoto semeni, msitutafutie maiti ya kusingizia!" Mama yake Gibson ndiye aliyemnyamazisha. Alichukua simu, akauliza kipimo kinafanyika wapi, akasema atakuja. Pengine alijua siku nyingi kwamba ugali wa Buswahili haukusifiwa bure.

Mchungaji akaambiwa tangazo lisubiri, mahari haijakamilika. Wakaenda Mwanza, wakatoa, wakarudi, wakaanza kungoja. Boke akabaki Bweri. Alishindwa kula. Simu ya mtu yeyote ikilia, hata ya mpita njia, alishika ukuta. Rhobi aliendelea na minyoo yake, macho yamevimba, anasoma, anaandika, anafuta. Gibson alikuwa anampigia jioni. Wanaulizana habari za kazi. Hawakujua tena waitane nani, kwa hiyo hawakuitana. Wanaanza tu kuongea.

Siku moja Boke akamuuliza, "Umenichukia?"

"Bado sijapata muda, bibi," Rhobi akajibu. "Kwanza jibu lije."

Lilikuja asubuhi. Rhobi alisikiliza simu amesimama, akauliza namba fulani irudiwe, akashukuru. Boke na Wegesa walikuwa mlangoni, wameshikana mikono, jambo ambalo hawakuwahi kufanya hata siku walipooana.

"Imeelemea upande wa ndugu," Rhobi akasema. "Imeelemea sana. Hakuna cha kubishana."

Akampigia Gibson mbele yao. Alisema sentensi moja tu, halafu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu.

*

Ndoa haikufungwa. Kanisani ilisemwa kwamba familia zimeshindwa kuelewana.

Luhende alikuja Buswahili na wazee wa Nyamuswa, kama Boke alivyoogopa, wakasema damu imejulikana na mtoto ni wao. Rhobi alitoka mwenyewe kuwajibu. Aliwaambia Gibson ni kaka yake na hilo halikatai, lakini yeye ni wa nyumba ya Boke, na mtu mzima hagawiwi. Wazee walikula, wakaondoka. Luhende hakurudi tena, ila mazishi yakitokea upande wa Boke hutuma mtu.

Gibson aliomba uhamisho, akapelekwa wilaya nyingine. Baada ya muda alioa mwalimu, na wana mtoto mmoja. Rhobi hakwenda kwenye harusi. Alituma vitenge.

Mama yake Gibson alifariki. Rhobi alikwenda kuzika na akakaa na watoto wa marehemu.

Wegesa bado anauza dagaa Mwigobero. Keraryo aliuza pikipiki, sasa analima mpunga.

Rhobi alimaliza shahada, akaenda nje ya nchi kuendelea na minyoo. Amewahi kupanda meli ya utafiti mara moja, akaumwa kichefuchefu safari nzima. Hajaolewa. Anapiga simu Jumapili, na Boke huwa hamuulizi mambo ya wanaume.

Boke yuko Buswahili. Jicho moja halioni vizuri. Mwaka jana wanawake wawili wasio na watoto wa kiume walikwenda kumwomba ushauri namna ya kuoa. Aliwaambia waoe, na wamuulize mke jina la mwanamume, na mtoto akikua wamwambie.